Kilima Hakionekani

Jumanne ile ndege haikuja kisiwani, na aliyeizuia alikuwa mtu ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuandika uongo kazini, hata wa tarakimu moja. Hapo ndipo ugumu wa jambo lenyewe ulipokuwa. Mwongo ukimgundua unamalizana naye siku hiyo hiyo. Mkweli anayekosea anaweza kuwasumbua watu wiki tatu nzima, na bado wakaendelea kumwamkia kwa heshima.

Kisiwani walimwita Bwana Hewa. Alikuwa mpimaji wa hali ya hewa kwenye uwanja mdogo wa ndege: njia moja ya kurukia, jengo moja lenye chumba juu ya paa, banda la jenereta, na uzio uliochoka. Mitambo ya kumwongoza rubani kushuka haikuwepo. Rubani alishuka kwa macho yake, na kabla hajaondoka bara alitegemea macho ya Bwana Hewa. Kila siku ya ndege, saa tatu na nusu asubuhi, mzee alisimama kwenye dirisha la chumba cha juu, akatazama, akaandika katika daftari kubwa, kisha akasoma kwenye redio ya mawasiliano: upepo unatoka wapi na una nguvu gani, mawingu yako juu futi ngapi, na mtu anaona umbali gani. Umbali ukiwa chini ya kilomita tano, ndege haiondoki. Hapakuwa na mjadala.

Umbali huo haupimwi kwa kamba. Kando ya dirisha palikuwa na mchoro aliouchora na kuupaka rangi yeye mwenyewe alipokuwa kijana: tangi la maji, kilomita moja; paa jekundu la shule, mbili; jabali jeupe la ufukweni, nne; kilima chenye mnara wa simu, saba; kisiwa kidogo kisicho na watu, kumi na mbili. Kitu cha mwisho unachokiona, huo ndio umbali wako. Mkufunzi wake alimwachia kanuni moja tu, naye akaishika kuliko alivyoshika tarehe ya ndoa yake: andika unachokiona, usiandike unachokijua. Kilima kipo, kila mtu anajua kipo, lakini kama hukioni basi daftarini hakimo.

Jumanne aliandika kilomita mbili. Ilikuwa mara ya nne ndani ya wiki tatu, na hakuna aliyeshangaa sana, kwa sababu ulikuwa msimu wa utusitusi. Kila mwaka miezi hiyo vumbi na unyevu wa bahari huchanganyika, na asubuhi moja moja dunia huonekana kama imefunikwa chandarua. Mwaka huu, watu walisema, chandarua kimezidi.

Chini, katika chumba cha kungojea abiria, mkewe alikuwa na meza yake ya chai. Birika mbili, vikombe kumi na nane, mkate uliopakwa siagi, basi. Watu walimwita Mama Chai, naye hakuwahi kulikataa jina hilo maana lilimlisha. Yeye ndiye aliyeziona nyuso za watu ndege isipokuja, kwani mumewe huko juu aliona mawingu tu. Jumanne ile alimwona mwalimu mkuu akirudi nyumbani na kifurushi cha mitihani ya kupelekwa bara, kilichopigwa lakiri, mara ya tatu sasa, amekikumbatia kifuani kwa hofu ya kuibiwa karatasi. Alimwona muuguzi wa zahanati aliyengoja dawa za sindano zije na ndege, akipiga simu kumwambia mtu avumilie tena. Na alimwona mkwe wake.

Mkwe alikuwa fundi wa jenereta hapo hapo uwanjani. Mkewe, ambaye ni binti pekee wa Bwana Hewa na Mama Chai, alikwenda kujifungulia bara kwa ushauri wa daktari, na sasa mtoto alikuwa na miezi miwili. Baba yake alimjua kwa picha za simu tu. Kila walipotarajiwa kurudi, fundi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaketi ukingoni mwa benchi ili lisikunjamane. Tangazo la kuahirishwa likitoka, alirudi bandani, akalivua taratibu na kulitundika kwenye msumari, pasi ile isipotee bure.

Mama Chai alitazama nje ya dirisha la chumba cha kungojea. Akaona kilima. Akaona na mnara juu yake, mwekundu na mweupe. Alifuta meza, akatazama tena, kilima bado kipo.

Mumewe aliposhuka saa sita, alimwambia mbele ya watu, kwa nia njema kabisa, kwamba yeye kilima alikiona tangu asubuhi. Bwana Hewa akachukua kikombe chake, akatabasamu kama mtu mzima anavyomtabasamia mtoto.

"Mama watoto, wewe unajua chai," alisema. "Cheti cha hewa ninacho mimi."

Watu walicheka, wengine kwa adabu tu. Mama Chai naye alicheka, kwani mbele ya wateja utafanya nini? Lakini lilimwingia. Kwa miaka yote hiyo yeye ndiye aliyepanda ngazi ishirini na mbili kila saa nne kumpelekea chai ikiwa moto, na leo anaambiwa hajui kutazama. Kesho yake alikiacha kikombe chini ya ngazi, kimefunikwa kwa kisosi. Bwana Hewa alikikuta kimepoa, akakinywa hivyo hivyo. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Waliketi mezani jioni wakipitishiana chumvi kwa heshima kubwa mno, kama wageni waliokutana kwenye mazishi.

Kwamba macho ya mzee ndiyo mabaya, mkewe hakuliwaza hata kidogo, na tusimlaumu. Miezi kadhaa iliyopita Bwana Hewa aliweka miwani yake ya kusomea ndani ya droo akatangaza kwamba haihitaji tena. Gazeti alilisoma bila miwani, hata yale maandishi madogo ya matangazo ya vifo. Alisema macho yake yamerudi ujana. Alijisifu nyumbani, akajisifu kwa majirani, akamsomea meneja wa uwanja maelezo ya nyuma ya chupa ya dawa ili aamini. Mtu wa namna hiyo nani angemwambia haoni?

Kwa hiyo kila mmoja alitafuta sababu yake. Meneja alidhani mzee amekuwa mwoga, maana amebakiza miaka miwili astaafu na hataki ajali imkute mlangoni. Mwalimu mkuu alidhani ni kiburi. Mama Chai alidhani ni ubishi, ule ule anaoujua yeye. Sababu ya fundi ilikuwa mbaya kuliko zote, na alikaa nayo rohoni peke yake.

Bwana Hewa mwenyewe alilaumu kioo. Alikifuta dirisha asubuhi na mchana, ndani na nje, akaomba sabuni kali zaidi. Kioo kilipokataa kutakata, alilifungua dirisha lote akatazama nje pasipo kitu chochote kati yake na dunia. Kule nje utusitusi ulikuwa ule ule. Basi akaridhika kwamba amefanya uchunguzi wa kisayansi, na kwamba kweli mwaka huu hewa ni mbaya. Ila usingizi ulikuwa umempungua, na alipopanda ngazi alianza kuzihesabu.

Alhamisi fundi alifika mapema kwenye meza ya chai, shati jeupe mwilini kwa mara ya tano. Hakuagiza kitu. Alizungusha kisosi juu ya meza mpaka Mama Chai akamwuliza kama amekuja kununua chai au kukichosha kisosi.

"Mama, nikuulize," alisema. "Baba amenikasirikia?"

"Kwa nini akukasirikie?"

"Kila asubuhi akiwa dirishani pale juu mimi nasimama uzioni, nampungia mkono. Zamani alikuwa ananiitikia. Sasa wiki nyingi ananitazama tu. Ananitazama kabisa, mama, usoni, halafu anageuka. Nimewaza labda hataki mke wangu arudi kwangu. Labda ndiyo maana ndege haziji."

Mama Chai alitaka kucheka, kisha kicheko kikamkauka. Mumewe alikuwa mbishi, alikuwa mwenye kujisifu, lakini kutoitikia salamu ya mkwe hakukuwamo katika mwili wake. Alikuwa mtu wa kurudi nyuma nusu barabara ili amwamkie aliyempita bila kumwona. Aliyempita bila kumwona. Akaziweka pamoja siku zile, moja baada ya nyingine: nguo alizoziacha kwenye kamba mvua ikija, mbuzi wa jirani aliyemwita mbwa, jinsi anavyongoja mgeni afike mlangoni kabisa ndipo amtaje jina.

Alimwambia fundi aende akasimame pale pale anaposimama siku zote. Kisha akamimina chai, akaifunika kwa kisosi, akapanda ngazi.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Bwana Hewa alikuwa dirishani, daftari limefunguliwa, penseli sikioni. Alizijua hatua za mkewe hata kabla mlango haujafunguka.

"Leo kikombe kimepanda ngazi," alisema.

"Nina swali moja tu, kisha nashuka. Pale uzioni, karibu na banda la jenereta, ni nani?"

Alitazama. Alikunja macho, akayafungua, akayakunja tena.

"Hakuna mtu. Ni nguzo."

"Nguzo gani?"

"Ya uzio. Wameipaka chokaa, siku nyingi sasa."

Mama Chai akafungua dirisha, akatoa mkono nje, akaupunga. Na nguzo nayo ikapunga.

Bwana Hewa aliona kitu cheupe kikitikisika pale ambapo nguzo hazitikisiki. Alivuta kiti, akakaa. Alikuwa ameogopa jambo hili muda mrefu, na sasa limemkuta akiwa macho, asubuhi, mbele ya mtu aliyemwambia kwamba anajua chai tu.

"Ni mkweo," Mama Chai alisema taratibu. "Tangu lini?"

"Sijui. Nilidhani ni kioo."

Alimwekea mkono begani. Hasira yote ya wiki ile ilimtoka, ikabaki huruma tu, na huruma ya mke hutafuta kazi ya kufanya. Akatazama nje kwa ajili yake. Akamwambia tangi analiona, paa la shule analiona, jabali analiona na ndege weupe wametua juu yake. Kilima anakiona, na mnara, na rangi zake. Hata kisiwa kidogo anakiona na mstari wa povu chini yake.

"Andika kumi na mbili," alisema. "Soma kwenye redio, mtoto aje. Mimi nitapanda hapa kila siku na chai yako, nikuambie ninachokiona, wewe uandike. Miaka miwili si mingi. Nani atajua?"

Niseme ukweli, halikuwa wazo baya. Kuna ndoa nyingi zinazosimama kwa msaada mdogo kuliko huo. Bwana Hewa aliliwaza. Aliwaza jina lake, nyumba ya serikali wanayokaa, salamu za watu njiani. Aliwaza kiti hiki, ambacho kimechukua umbo la mgongo wake. Akachukua penseli kutoka sikioni, na ncha yake ikagusa karatasi.

"Na yale mawingu juu ya kilima," aliuliza, "yako futi ngapi?"

Mama Chai alitazama. "Yako juu."

"Juu kiasi gani?"

Alitazama tena, kwa bidii, kama mtu anayekagua bei. "Juu ya kutosha."

Bwana Hewa akacheka, kicheko kifupi kilichomshangaza yeye mwenyewe. "Ya kutosha haiandikwi, mama watoto." Kisha akainua penseli kutoka kwenye karatasi. "Ndani ya ndege ile atakaa mjukuu wangu. Siwezi kuandika macho yako nikatia sahihi yangu."

"Basi ukiandika unachokiona wewe?"

"Nikiandika ninachokiona mimi, hataondoka bara. Na huo nao ni uongo sasa, kwa kuwa najua."

Aliinama juu ya daftari, akaandika mstari mmoja na nusu, akiukinga kwa mkono kama mwanafunzi anayeogopa kuigiwa. Akatia sahihi. Halafu akanyanyua simu ya mezani, akamwomba meneja apande juu na cheti chake.

Meneja alikuwa mtu mnene mwenye magoti mabaya, na zile ngazi alikuwa haziungi mkono hata kidogo. Lakini miaka mingi nyuma, wakati wa kutafuta cheo, alisomea upimaji wa hewa akafaulu, na cheti kilitundikwa nyuma ya mlango wa ofisi yake. Alifika juu akihema, baada ya kupumzika kwenye ngazi ya kumi na mbili na tena kwenye ya ishirini. Bwana Hewa alisimama, akamwambia kwa maneno machache: hewa ni nzuri, macho yangu ndiyo mabaya, na zile ndege nne huenda zote zingeweza kuja.

Meneja alitazama saa. Kisha akasimama dirishani, akatazama, akapima mawingu kwa jicho moja kama alivyofundishwa, akashika redio na kuanza na mawingu.

"Upepo kwanza," Bwana Hewa alimnong'oneza.

Meneja akarudia, upepo kwanza. Umbali, kilomita kumi na mbili. Kutoka bara sauti ya rubani ikaitika, ikarudia tarakimu, kisha ikauliza kama ni yule mzee anayesoma, maana sauti leo imebadilika. Meneja akajibu kwamba mzee yupo hapa hapa, anamsahihisha. Ndege iliondoka bara ikiwa imechelewa dakika ishirini na tano.

Baada ya hapo ilibidi yafanyike yaliyopaswa kufanyika. Meneja alimweleza, bila ukali lakini bila kuzunguka, kwamba ataandika barua makao makuu leo hii, kwamba mzee hatakaa kwenye dirisha hili mpaka daktari wa macho aseme, na kwamba anaomba ufunguo wa chumba. Ufunguo ulikuwa kwenye pete moja na ule wa nyumbani kwa miaka ishirini na sita. Bwana Hewa alijaribu kuutoa, kucha ikateleza. Alijaribu tena. Mwishowe meneja ndiye aliyeichukua pete yote, akauchomoa ufunguo wa chumba kwa kucha zake, akamrudishia ule wa nyumbani peke yake. Jambo dogo kama hilo ndilo lililomuuma kuliko barua.

Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa. Tangazo kwamba ndege inakuja lilikuwa limetoka, na watu walikuwa wakipanga mizigo kwa furaha ya waliosubiri sana. Mama Chai alimsihi mumewe aketi tu nyuma ya meza, watu watajua taratibu. Lakini Bwana Hewa akasimama katikati ya chumba.

"Ndege inakuja," alisema. "Na zile nne ambazo hazikuja, hewa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la macho yangu, na mimi sikujua. Mnisamehe."

Mwalimu mkuu ndiye aliyejibu kwanza, na hakujibu kwa upole. Alisema wiki mbili amelala na mitihani chini ya mto, mkewe amehamia chumba cha watoto, na kumbe kilima kilikuwepo. Alikuwa na haki ya kusema, na Bwana Hewa alimsikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa. Alipomaliza, mwalimu alijiona amesema mengi, akaagiza vikombe viwili vya chai na kimoja akamsogezea mzee.

Muuguzi alikuwa amekwisha sogea karibu. Alimshika Bwana Hewa kidevu kama mtoto, akamgeuza kuelekea kwenye mwanga, akamwuliza tangu lini anasoma gazeti bila miwani. Tangu miezi minane, alisema mzee, na hata sasa sauti yake ikawa na fahari kidogo.

"Huo ni utando wa mtoto wa jicho," muuguzi alisema. "Ukianza, wengine huona karibu vizuri kuliko zamani, na mbali kunafifia polepole. Bara wanautoa kila siku, haichukui nusu saa. Ungekuja kujisifu kwangu ningekuambia siku ile ile. Umekwenda kujisifu kwa watu wasiofaa."

Watu walicheka, na safari hii Bwana Hewa alicheka nao. Alijiona mwepesi, wepesi wa mtu aliyetua mzigo aliokuwa akijiambia hana. Kazi yake ilikuwa bado mashakani na hakujua barua ya meneja itajibiwaje. Lakini alikuwa na hakika na jambo moja, nalo lilikuwa angani linakuja.

Alitoka nje, akasimama uzioni. Fundi alikuwa pale. Walisimama kando kwa kando, kila mmoja na haya ya mkwe.

"Baba, nilidhani umenikasirikia," fundi alisema mwishowe.

"Mwanangu, mimi nilidhani wewe ni nguzo."

Fundi alicheka mpaka akashika uzio. Kisha mlio ukasikika, na Bwana Hewa ndiye aliyeusikia kwanza, maana masikio yake yalikuwa mazima. Hakuiona ndege. Fundi alimwonyesha kwa maneno: imetokea juu ya jabali, inainama kidogo, imenyooka, imeshusha magurudumu. Mzee aliyafuata maneno yale kwa kichwa, kushoto kwenda kulia, kama anaiona. Aliijua njia ile kwa moyo. Ilipogusa ardhi aliachia pumzi aliyokuwa ameishika.

Binti yao alishuka wa tatu, amechoka na anang'aa, mtoto amefungwa ndani ya shuka jepesi. Fundi ndiye aliyempokea mtoto kwanza, na shati jeupe likapata doa la maziwa begani dakika ile ile, wala hakulitazama. Mama Chai aliiacha meza yake na birika likichemka, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alimkumbatia bintiye, akalia, akamwuliza kama amekula.

Kisha mtoto akapewa babu yake. Bwana Hewa alimwinua mpaka karibu na pua yake, umbali wa kiganja kimoja, na hapo palikuwa hapana utusitusi wowote. Aliziona kope, moja moja. Aliona kinywele kilichojikunja juu ya sikio, aliona alama ndogo ya mto kwenye shavu, aliona lile tone la maziwa pembeni mwa mdomo. Bintiye alimwuliza kwa nini anamtazama kwa karibu hivyo, atamtisha mtoto.

"Acha," alisema. "Huyu namwona mzima mzima."

Jumanne iliyofuata Bwana Hewa alikaa kwenye benchi la abiria, amevaa koti lake la sherehe, begi dogo miguuni. Alikuwa anakwenda kutazamwa macho. Makao makuu walikuwa wamejibu kwa simu: akapone kwanza, kisha wataona, na mpimaji wa muda atakuja mwezi ujao. Mpaka hapo ni meneja na magoti yake. Kila dakika tano mzee aliuliza kama kuna yeyote aliyesikia meneja ameandika nini huko juu, na kama ameanza na upepo. Mjukuu alikuwa amelala mapajani mwake.

Mama Chai alimpelekea meneja chai juu. Alipoiweka mezani, meneja alikuwa akifunua daftari nyuma, akalisukuma mbele yake, akajifanya anatazama mawingu. Ulikuwa ukurasa wa Alhamisi ile. Mwandiko wa mumewe aliujua, ulionyooka, wa penseli iliyochongwa vizuri.

"Saa tatu na nusu. Kilima hakionekani kwa mpimaji. Kinaonekana kwa mkewe, ambaye hana cheti na yuko sahihi. Nakabidhi kituo."

Chini yake ilikuwapo sahihi. Meneja alisema, bado ametazama nje, kwamba daftari hili likijaa hupelekwa bara na kuhifadhiwa, halitupwi. Alikuwa amefikiria kuufuta mstari ule, kwa kuwa si wa kawaida. Ameuacha.

Mama Chai aliusoma mara ya pili. Kisha akashuka ngazi zote ishirini na mbili, akamimina kikombe kingine, akaenda kuketi benchini kando ya mumewe.

"Amesoma ngapi?" Bwana Hewa aliuliza.

"Kumi na mbili. Ukiniuliza mimi, zaidi."

"Basi ni zaidi," alisema mzee.

Mama Chai alimchukua mtoto mapajani kwake, akampa mumewe kikombe mkononi. Alimwambia anywe kabla hakijapoa, ndege haijafika.